Nyusi za Drahomira

Jumamosi ni ya mabibi harusi. Nawapamba hapa Ljubljana
huku mama zao wamenisimamia mgongoni:
ongeza, bado, ongeza.
Hela hiyo ndiyo nauli yangu ya Jumatatu.
Sina mwajiri, sina likizo, pensheni sijui itatoka wapi.
Nina sanduku la bati lililovunjika kufuli;
nalifunga kwa mshipi wa marehemu baba.

Trieste kuna upepo wanauita bora.
Ubora wake sijauona. Uliniangusha
kwenye ngazi za hospitali, poda ya waridi ikamwagika,
na ngazi tatu zikaona haya mchana kutwa.
Juu, wodini, Ottavia: miaka kumi na tisa, kichwa kama yai.
Nywele za bandia hakuzitaka. Alitaka kope.
Nikambandika ukope wa kwanza, akapiga chafya,
ukaruka ukatua kwenye supu ya jirani.
Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha,
akavuta kiti,
akabaki.

Ghent, nyumba ya wasioona.
Godelieve ananyoosha midomo kabla sijafungua sanduku.
Nyekundu, anasema.
Nyekundu ipi? Namsomea majina: cheri, divai, tofali.
Tofali, anasema haraka. Mume wangu alikuwa mwashi.
Kisha ananishika uso kwa vidole vyote kumi,
taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani,
na kuniambia: wewe hujalala.

Kweli. Nililala stesheni, kichwa juu ya bati.

Lakini nilitaka kusimulia habari za Brno.
Drahomira aliendesha tramu miaka thelathini na mmoja.
Dawa zilimchukulia nyusi, zote mbili, wiki moja.
Akatoa kwenye mkoba kitambulisho cha zamani,
pembe zimeliwa, mhuri umekatiza shingo:
Nirudishie hizi.
Nikapima kwa uzi. Nikachora unywele mmoja mmoja,
pumzi nimeibana, mkono nimeuegemeza kwenye shavu lake
lililokuwa na joto la homa.
Nikampa kioo.
Kimya.
Nzuri, akasema. Nzuri mno. Si zangu.
Zangu hazikulingana. Wa kushoto ulikaa juu kidogo,
ulizoea kuwatazama wasiolipa.

Nikafuta kwa pamba. Nikaupandisha milimita mbili.
Akageuka, akanitazama,
nami, wallahi sijui kwa nini,
nikajikuta napapasa mfuko wa koti
natafuta tiketi.

Dada yangu Jerneja ni mfamasia, huuliza:
hiyo rangi yako inatibu nini?
Haitibu.
Saa mbili usiku maji ya uvuguvugu huiondoa yote,
na taulo la hospitali hubaki na uso usio na mwenyewe.
Huniambia pia lile la mkakasi,
uzuri wa nje, ndani kipande cha mti.
Sawa. Nimeshika nyuso nyingi, Jerneja,
za Kiitalia, za Kifleme, za Kicheki, yako pia
siku ile tulipomzika baba ukaniomba nifiche macho.
Mti sijaukuta.

Penseli ya kahawia niliiacha Brno, juu ya kabati la kitanda,
kando ya machungwa yasiyomenywa.
Niligundua treni imeshavuka mpaka.
Sijaandika kuidai.

Jumamosi iliyopita bibi harusi mmoja, Živa,
alijisogeza karibu na kioo, akanuna:
hazilingani, unaona? Huu uko juu.
Mama yake akasema, rekebisha.
Nikasema, naona.
Nikaichukua brashi, nikaichovya kwenye poda,
nikashughulika na kidevu.